Boti Yangu, Upepo wa Mke Wangu

Niliikarabati ile boti kwa miaka miwili kasoro, na siku tulipoishusha majini haikupita hata saa moja nikagundua kwamba siijui. Aliyeijua alikuwa mke wangu. Nayaandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nikifika hapo kalamu inakuwa nzito, kwa sababu nilimwonea wivu mke wangu mwenyewe. Si wivu wa utani. Ni ule unaomfanya mtu aseme uongo akiwa na macho makavu.

Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai. Zaidi ya miaka thelathini nimefungua na kufunga mashine za kusaga majani, nimebadilisha beringi, nimepaka grisi mpaka kucha zangu zikasahau rangi yake ya kuzaliwa. Nyuma ya karakana palikuwa na banda la vitu vilivyokufa: feni bila mapanga, matairi, mizani iliyovunjika. Humo, chini ya magunia, ililala boti ndogo ya tanga. Ilisemekana meneja mmoja Mzungu wa zamani alikuwa akienda nayo ziwa Kisiba siku za Jumapili, na alipoondoka aliiacha. Kuku wa mlinzi walikuwa wakitagia ndani yake. Kila nilipoingia kutafuta bolti nilisimama kidogo kuiangalia. Ilikuwa ya plaiwudi, urefu kama hatua tano za mtu mzima, na mistari yake ilikuwa imepinda kwa namna ambayo fundi yeyote angejua aliyeipinda hakuwa na haraka.

Nilipokaribia kustaafu, uongozi ukaamua banda lisafishwe. Nikaenda kuiomba.

"Mzee wangu," meneja akasema akicheka, "Tukuyu na boti wapi na wapi?"

"Kisiba kuna ziwa."

"Basi ichukue kabla haijawa kuni."

Ikaletwa nyumbani kwangu Kyimo juu ya lori la majani ya chai, ikawekwa kati ya migomba na choo. Jirani yangu alisimama barabarani akaiangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole kama Mungu ameniambia jambo ambalo wengine hawajaambiwa.

Nilijifunza kila kitu kwenye video za simu. Nilitoa mbao zilizooza chini, nikakata nyingine. Mlingoti nilichonga wa msonobari, usukani nilichonga wa mkangazi, na ule ubao unaoshushwa chini ya tumbo la boti ili isiteleze ubavu niliutengeneza mara tatu kabla haujapita kwenye nafasi yake. Tanga la zamani lilikuwa na matundu ya panya. Fundi cherehani wa sokoni Tukuyu alilitia viraka huku akinung'unika kwamba nimemvunjia sindano nne. Adui mkubwa alikuwa mvua. Anayejua Rungwe anajua kwamba kwetu hata jua likiwaka, hewa imelowa. Gundi haikukauka. Vanishi ilibaki inanata kama asali. Niliezeka kibanda cha mabati, bado ukungu uliingia.

Mke wangu ndiye aliyepata dawa. Alileta jiko lake la mkaa, akaliweka chini ya boti, akaning'iniza magunia pembeni kuzuia upepo.

"Mahindi nayakausha hivi," akasema. "Na wewe kausha hicho chako."

Ikakauka. Akawa analeta jiko kila jioni baada ya kupika. Mara nyingine alibaki, akapitisha kiganja kwenye pua ya boti. Siku moja akasema, "Hapa mbele pamekaa vizuri. Itapanda mawimbi."

"Umejuaje wewe?"

"Naona tu."

Nikacheka, nikaendelea kupiga msasa. Nilicheka, sikuuliza. Ni jambo dogo, lakini nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko makosa yangu makubwa.

Tuliishusha Kisiba mwezi wa tisa, mvua ikiwa imepungua. Mwenyekiti wa kijiji alitupa ruhusa na nafasi ya kuihifadhi uani kwake, karibu na maji. Ziwa lile limekaa ndani ya shimo la mlima wa zamani, miti imelizunguka pande zote, kwa hiyo upepo hauji moja kwa moja. Unashuka kutoka ukingoni, unagonga maji, unageuka, unakufa, unafufuka upande mwingine. Hilo kwenye video hawakulisema.

Watu walijaa ufukweni. Nilivaa boya kifuani, nikaingia peke yangu, nikavuta kamba ya tanga kama nilivyojifunza. Boti ikaenda ubavu. Nikageuza usukani, mti wa kulala unaoshika tanga kwa chini ukahama kwa kasi ukanipiga nyuma ya kichwa. Nikavuta zaidi, boti ikazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Ufukweni kila mtu alikuwa na ushauri. Mwishowe nilikunja tanga nikarudi kwa kupiga kafi, na watu wakanipigia makofi. Yalikuwa yale makofi anayopigiwa mtoto kanisani akisahau shairi lake la Krismasi.

Nilipokuwa namwaga maji kwenye viatu, mke wangu akasogea.

"Baba, naomba na mimi nijaribu."

"Jaribu," nikasema, "uone kazi yake."

Alivua kandambili, akakaza kitenge, akavaa boya, akaingia. Akakaa chini kabisa nyuma. Hakuliangalia tanga. Aliangalia juu, kwenye miti ya ukingoni, akangoja.

"Vuta kamba!" nikapiga kelele.

Hakuvuta. Majani kule juu yakaanza kuonyesha tumbo lake jeupe, maji yakawa meusi sehemu moja, weusi ule ukaja mbio kuelekea kwake, na hapo ndipo akavuta. Boti niliyoitengeneza mimi, ubao kwa ubao, ikainama kidogo ikaondoka bila kelele. Ikafika katikati, ikafika ng'ambo. Kule akageuza, tanga likapita juu ya kichwa chake naye akainama bila haraka. Kurudi alikuwa akielekea upepo unakotoka, jambo ambalo mimi nilikuwa bado nadhani haliwezekani, na alilifanya kwa kwenda upande huu kisha upande ule, kama mtu anayepanda mlima mkali kwa njia ya kuzungukazunguka. Alipofika kwangu aliachia kamba, boti ikasimama kwenye magoti yangu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikasema, "Umepata bahati ya upepo."

"Ndiyo," akasema. "Upepo ulikuwa mzuri."

Alinipa mlango wa kutokea, na hata kwa hilo nilimchukia.

Njiani kurudi ndipo nilipouliza amejifunza wapi. Alinitazama kama ameulizwa jina lake.

"Ikombe. Si unajua mama alikuwa mfinyanzi? Vyungu tulivipeleka mnadani Matema kwa mtumbwi. Upepo wa mwera, ule wa kutoka kusini, ukitusukuma vizuri, baba anasimamisha fito mbili, tunatundika kitenge, mimi nashika kafi nyuma."

Nilijua ametoka Ikombe, huko chini ziwa Nyasa. Nilijua mama yake alifinyanga, chungu chake kimoja kilikuwa bado jikoni kwetu. Lakini kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kuuliza vile vyungu vilifikaje sokoni.

Ungetegemea moyo wangu ulainike. Haukulainika. Nilihisi kama nimeibiwa. Mtu amekuwa na kitu hiki tangu utotoni, amekiweka kimya chini ya paa langu, halafu siku yangu ndiyo anakitoa mbele za watu.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Mimi nilijaribu asubuhi, yeye mchana, na watu walikuja mchana. Habari zikafika Tukuyu mjini kwa nahodha mstaafu wa meli za ziwani, mgane, mwenye kofia na viatu visivyo na tope hata wakati wa masika. Akaja kuona. Aliizunguka boti, akagonga mbao na kidole. "Kazi safi, fundi," akaniambia. Kisha akakaa kwenye jiwe pamoja na mke wangu, wakazungumza kuhusu mwera, kuhusu mawimbi ya Matema, kuhusu wingu linalokaa juu ya milima ya Livingstone kabla dhoruba haijaja. Saa nzima. Mimi nilipata maneno mawili, yeye alipata saa nzima.

Nahodha akawa anakuja kila wiki. Siku moja alimletea mke wangu kamba laini ya tanga, ili isimkate viganja. Ile ya manila niliyokuwa nimenunua mimi ikabaki inafungia mbuzi. Jumapili, baada ya ibada, alimsalimia mke wangu kwanza halafu mimi. Sikuwa na hakika ninamwonea wivu nani kati ya hao wawili, lakini nilikuwa nao wa kuwatosha wote wawili.

Kilichonimaliza kilikuwa kitu kidogo. Nilikwenda dukani Tukuyu kununua skrubu, kwa yule yule aliyeniuzia misumari na gundi kwa miaka miwili. Akaniangalia usoni.

"Mzee, wewe si ndiye mume wa yule mama wa boti?"

"Boti ni yangu."

"Aaa, hongera basi. Anaiendesha vizuri sana."

Jumamosi iliyofuata, tulipokuwa tunafunga vitu, niliona mstari mwembamba kama unywele kwenye usukani. Ulikuwa kwenye vanishi tu, mbao yenyewe ilikuwa nzima. Nilijua hivyo kama ninavyojua mkono wangu.

"Usukani umepasuka," nikasema. "Naupeleka nyumbani nikautengeneze."

Mke wangu alipitisha kidole juu ya ule mstari. Akaniangalia.

"Haya, Baba. Wewe ndiye fundi."

Niliutundika stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, nikaufunika shuka. Jumamosi ya kwanza nikasema bado. Ya pili nikasema gundi haijashika, unajua mvua zetu. Jioni ile nikasikia mlango wa stoo unasukumwa. Ni yeye, ameshika jiko la mkaa kwa kitambaa, makaa yamekolea.

"Nimekuletea," akasema. "Ikauke."

Akaliweka chini, akatoka. Nikakaa mle ndani kama saa mbili, moto unaniunguza miguu, mbele yangu usukani mkavu kabisa usiohitaji kitu. Sikuweza kutoka kwa sababu ningetoka mapema ningeonekana sina cha kukausha. Jasho lilinitoka. Ningeweza kumaliza mambo jioni ile ile. Badala yake Jumamosi ya tatu nikasema inabidi nichonge mwingine, na ya nne nikasema natafuta mbao.

Jumamosi ya tano akavaa nguo nzuri, akasema anakwenda Kisiba kumjulia hali mke wa mwenyekiti, ana homa. Nikamwambia awasalimie. Nikabaki napalilia kahawa, lakini jembe lilikuwa linapiga mahali pamoja tu. Nikamwita bodaboda.

Nilipofika ukingoni nikaliona tanga. Boti ilikuwa katikati ya ziwa na wanawake watatu ndani, mmojawapo mke wa mwenyekiti, mzima wa afya, anacheka. Nyuma alikaa mke wangu, ameshika kafi kwapani, bapa lake ndani ya maji, anaelekeza boti kwa kafi kama alivyokuwa akifanya akiwa msichana na vyungu. Chini ufukweni nahodha amesimama, mikono nyuma.

"Fundi!" akaniita, uso umefunguka kwa furaha isiyo na hila. "Njoo uone! Hana usukani!"

Sikumjibu. Nilipiga kelele mpaka mlima ukarudisha sauti. "Rudi! Boti haina usukani, utaua watu!"

Alirudi, lakini hakuharakisha. Wanawake wakashuka, wakanisalimia kwa Kinyakyusa kwa adabu zote, wakapotea. Nahodha alinitazama usoni, akavua kofia yake akaitazama, akasema ana mgeni nyumbani. Tukabaki wawili.

"Nilisema usukani umepasuka," nikaanza.

"Umepasuka wapi?"

Nikaanza kukunja kamba ya tanga.

"Nilipopitisha kidole siku ile nilijua," akasema. "Nikajiambia, labda fundi ameona nisichokiona. Nikakuletea mkaa. Umeukalia mkaa wangu saa mbili, Baba, unakausha uongo."

"Na wewe umesema mama mwenyekiti ana homa."

"Nimesema. Nimejifunza kwako."

"Mbona hukuniambia kwamba unajua?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akakaa kwenye jiwe, akaanza kukamua pindo la kitenge. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Unaona wivu?"

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo."

"Wa nahodha au wangu?"

Nikafikiri, kwa sababu alistahili jibu la kweli angalau moja. "Wako."

"Afadhali," akasema. "Ungesema wa nahodha ningepanda hiyo bodaboda iliyokuleta, nisishuke mpaka kwetu."

Nikadhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza. Akaacha pindo.

"Sasa nikuulize. Unadhani mimi sikuwahi kukuonea wivu?"

"Kwa lipi?"

"Mashine zako. Miaka yote hiyo. Unarudi jioni umechoka, mikono ina grisi, lakini umefurahi. Unanieleza beringi ilivyolia na wewe ukaijua kwa kuisikia tu. Mimi natoka kwenye migomba, na mimi nimechoka. Nimechoka tu. Hakuna aliyewahi kunisifia kwa kuisikia ndizi." Akageukia boti. "Nilipoiona boti kwenye lori sikulala. Nilisema, mwanaume huyu ameniletea ziwa nyumbani, na hajui."

Katika maisha yangu nimesikia mashine ikibadilisha sauti kutoka mwisho wa jengo, na kitanda kimoja na mimi amelala mtu na sikusikia kitu.

Jumamosi iliyofuata nilirudisha usukani. Mke wangu hakunitaka niseme chochote kwa nahodha, lakini nahodha alikuwa mgeni wetu na mimi nilimfukuza kwa kelele zangu, kwa hiyo nilimwambia yote, pale pale, nikiwa nimeushika usukani mikononi kama mwizi wa kuku. Alikohoa.

"Fundi," akasema, "kwenye meli yangu, mimi na fundi wa injini hatukusalimiana mwaka mzima. Abiria walinisifia mimi, na aliyekuwa anaisukuma meli ni yeye. Hebu nipe huo usukani niufunge."

Tangu hapo mke wangu ndiye mwalimu wangu. Ni mwalimu mbaya kwa mtu mwenye kiburi, kwa kuwa haelezi, anaamuru. Mara ya tatu tukiwa wote botini, yeye kwenye usukani na mimi kwenye kamba, upepo ulishuka kwa nguvu akasema, "Legeza!" Nililisikia neno. Nikajiambia, ngoja, hii naiweza. Boti ikasimama kwa ubavu wake, ikatulia hivyo kidogo, kisha ikatumwaga. Maji ya Kisiba ni baridi ya kukata pumzi. Nilipoibuka nikamwona ameshika tumbo la boti, kilemba kimemwangukia macho.

"Umesikia au hukusikia?" akauliza.

"Nilisikia."

"Basi ni sawa. Kama hukusikia ningehangaika na masikio yako."

Ilibidi wavuvi wa kijijini watusaidie kuisimamisha. Tulikaa juani tukitetemeka, tumejifunika magunia, naye akanieleza jinsi mtumbwi wao ulivyopinduka mara moja karibu na Matema na vyungu vyote vikazama, na mama yake akalia kwa vyungu kwanza ndipo akahesabu watoto. Nilimwuliza maswali mpaka nguo zikakauka.

Siku hizi naweza kwenda ng'ambo na kurudi bila aibu. Sijamfikia na sitamfikia. Watu wakimwona ufukweni wanampisha njia, mimi wananiuliza habari za rangi na mbao, na nikisema siumii nitakuwa nimerudi stoo na jiko la mkaa. Naumia. Ila sasa nikiumia namwambia, naye anasema, "Pole, Baba," na ananipa kamba nishike.

Mwezi uliopita alikwenda Ikombe kuwaona ndugu zake. Nikaenda Kisiba peke yangu siku ya kazi, ufukwe mtupu. Nilingoja majani, nikavuta kamba kwa wakati, nikavuka, nikarudi nikiupanda upepo, na kila kona niligeuza vizuri bila kupigwa na ule mti wa tanga. Sijawahi kuendesha namna ile. Hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi wa mwenyekiti. Nikampigia simu kabla hata sijafunga tanga.

"Nimekwenda ng'ambo na kurudi!" nikamwambia. "Kurudi nimegeuza mara nne tu!"

"Hongera sana, Baba," akasema. Nyuma yake nilisikia mawimbi na watu wanacheka. "Mimi leo kaka amenipa mtumbwi. Tumetundika kitenge, tumekwenda na vyungu mpaka Matema. Mwera ulikuwa unatusukuma wenyewe!"

Wivu ukanirudia, ule ule, haujazeeka hata kidogo. Nikakaa kwenye ukingo wa boti, miguu majini.

"Ulianza upande gani?" nikamwuliza. "Nieleze pole pole."

Akaanza kunieleza.